Kinasa sauti na simu vimerekodi mazungumzo yale yale Ujiji, mbona baada ya saa moja vinaachana kwa zaidi ya sekunde 3?

#1 BintiUjiji
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Ninakusanya simulizi za mabaharia na wavuvi wa zamani wa Ujiji na Kibirizi, kwa sababu wazee hawa wanatutoka mmoja baada ya mwingine, na majina ya pepo, ya mitumbwi na ya nyavu za zamani yanakwenda nao. Kila mazungumzo nayarekodi kwa vifaa viwili kwa wakati mmoja. Mezani naweka kinasa sauti kidogo kinachotoa faili la WAV (sauti isiyobanwa) la chaneli 2, sampuli yaani vipimo vya sauti 48000 kwa sekunde, biti 24. Pembeni nasimamisha simu inayochukua video. Kabla ya kuanza napiga kofi moja kubwa liwe alama, kisha napiga tena kila tunapopumzika na mwisho wa mazungumzo.

Sasa naandika programu ya Python ya kuoanisha sauti nzuri ya kinasa na picha ya simu. Sauti ya video naitoa kwa programu ya FFmpeg iwe WAV, naifungua kwa librosa, maktaba ya Python ya kuchambua sauti, kisha programu inatafuta makofi yenyewe. Nikichukua kofi la kwanza kuwa sifuri, kofi la dakika ya 10 kwenye simu linatangulia lile la kinasa kwa sekunde 0.5, la dakika ya 30 kwa sekunde 2.1, na la dakika ya 60 kwa sekunde 3.4. Faili la sauti ni mlolongo wa namba tu. Namba hizo zinapotezaje muda njiani? Naomba msaada wenu, kwa sababu sauti za wazee hawa sitazipata mara ya pili.

#2 FundiGungu
Dada, hilo ni suala la kristali. Kila kifaa cha kurekodi kina kristali inayohesabu lini sampuli ichukuliwe, na hakuna kristali mbili duniani zinazokwenda sawasawa kabisa. Kifaa kikisema 48000, kwa kweli kinaweza kuwa kinachukua 47999 au 48002. Simu ikikaa juani ikapata joto, tofauti inaongezeka. Nyosha faili moja lilingane na jingine, kazi iishe.

#3 MtaboraWaReli
Ndugu FundiGungu, chanzo hicho kipo kweli, lakini ukubwa wake haufiki hapo. Kosa la kristali hupimwa kwa sehemu za milioni. Tuseme vifaa hivi viwili vinapishana kwa sehemu 50 kwa milioni, ambacho si kiasi kidogo: kwa saa moja hiyo ni sekunde 0.18 tu. Sekunde 3.4 kwa saa ni sehemu 944 hivi kwa milioni. Saa ya mkononi yenye kosa hilo ingepotea zaidi ya dakika moja kila siku, na mwenye nayo angekwisha kuirudisha dukani.

Tena ukitazama vizuri namba za dada, haziongezeki sawasawa. Kati ya dakika ya 10 na ya 30 tofauti imekua kwa sekunde 1.6, lakini dakika 30 zilizofuata zimeongeza 1.3 peke yake. Kristali haina tabia hiyo.

#4 KasuluMjini
Mimi ningeanzia kwenye kichwa cha faili. Faili la WAV, ambalo Microsoft walilileta mwaka 1995, lina kichwa cha baiti 44, na baada ya hapo ni sauti tupu hadi mwisho. Fungua faili, ruka baiti 44, hesabu baiti zilizobaki, gawanya kwa 6 (baiti 3 kwa kila sampuli, mara chaneli 2), kisha gawanya kwa 48000. Hapo utapata urefu halisi bila kutegemea maktaba ya mtu.

#5 MzeeWaKatubuka
Marahaba, binti. Kwanza nimsahihishe kijana wa Kasulu kwa mapenzi. WAV ilitolewa na Microsoft pamoja na IBM, na mwaka ni 1991. Pili, hiyo ruka baiti 44 imewapotosha vijana wengi, kwa hiyo nitaieleza taratibu.

Faili hili limejengwa kwa vipande. Baiti 4 za mwanzo ni herufi RIFF, 4 zinazofuata ni ukubwa, kisha 4 za herufi WAVE. Baada ya hapo kila kipande kinajitambulisha kwa herufi 4 za jina na namba ya baiti 4 inayotaja urefu wake. Kipande cha fmt kinaeleza aina ya sauti, idadi ya chaneli, kiwango cha sampuli na idadi ya biti. Kipande cha data ndicho chenye sauti yenyewe. Vikiwa hivyo viwili tu, na fmt ikiwa fupi, jumla inakuja 44. Lakini hakuna sheria inayokataza vipande vingine kukaa katikati. Vinasa sauti vingi huandika kipande cha bext, chenye tarehe, saa na jina la kifaa, na hicho peke yake hakipungui baiti 602. Programu nyingine huweka kipande cha LIST chenye jina la msanii. Tena kipande chenye urefu usiogawanyika kwa 2 huongezewa baiti moja tupu mwishoni, na asiyeijua baiti hiyo hupotea kabisa.

Kwa hiyo anayeruka 44 bila kusoma atageuza tarehe na jina la kifaa kuwa sauti, na mwanzoni atasikia mchakacho wa kelele. Kwenye faili la biti 24 ni balaa zaidi, kwa sababu ukianza kusoma pasipogawanyika kwa 3, kila sampuli inachukua baiti ya jirani yake na faili zima linageuka mvumo kama wa mvua juu ya bati. Hata hivyo, binti, makosa hayo yanaharibu sauti au yanasogeza mwanzo. Hayawezi kuzaa tofauti inayokua kadiri muda unavyokwenda.

#6 BintiUjiji
Ahsante sana Mzee. Nimefungua faili la kinasa kwa kihariri cha baiti na kipande cha bext kipo, tena kiko mbele ya fmt, kwa hiyo data inaanzia mbali. Sauti haina kelele ngeni. Kinachosikika zaidi ya mzee ni mngurumo wa mashine ya kusaga ya jirani, ambao nilitaka kuuondoa baadaye, na honi ya treni inayosikika mara moja kwenye faili zote mbili.

#7 MwangaKati
Wengi wetu tungeshuku kwamba simu ilirekodi kwa 44100 na programu ikadhani ni 48000. Hilo tuliondoe mapema: tofauti ingekuwa karibu dakika 5 kwa saa, na mzee angeongea haraka na kwa sauti nyembamba kuliko yake.

Mimi nashuku video. Marekani walipoingiza televisheni ya rangi walipunguza kasi ya picha kutoka 30 hadi 29.97 kwa sekunde, yaani waligawanya kwa 1.001. Programu ya kuhariri video ikidhani picha ni 30 kumbe ni 29.97, huibana au kuivuta sauti ili ilingane. Sehemu moja kwa elfu ni sekunde 3.6 kwa saa, 1.8 kwa dakika 30, na 0.6 kwa dakika 10. Linganisheni na namba za dada: 3.4, 2.1 na 0.5. Je, video hiyo ilipita kwenye programu yoyote ya kuhariri kabla ya FFmpeg?

#8 KasuluMjini
Nimekubali sahihisho la Mzee kuhusu mwaka. Ila MwangaKati, sauti na televisheni zinahusiana wapi? Namba 44100 yenyewe ilichaguliwa ili simfonia ya Beethoven ienee kwenye CD moja, watu wote wanajua.

#9 MzeeWaKatubuka
Kijana, unanipa kazi leo. Habari ya Beethoven inasimuliwa kuhusu urefu wa CD, zile dakika 74, na haina uhusiano na namba 44100. Namba hiyo imetoka kwenye televisheni moja kwa moja. Kabla ya diski ngumu kuwa na nafasi ya kutosha, sauti ya kidijitali ilihifadhiwa kwenye kanda za video. Kila mstari wa picha ulibeba sampuli 3. Kwenye mfumo wa nyanja (nusu za picha) 60 kwa sekunde ilitumika mistari 245 kwa kila nyanja: 3 mara 245 mara 60 ni 44100. Kwenye mfumo wetu wa nyanja 50 ilitumika mistari 294, na 3 mara 294 mara 50 ni 44100 vilevile. Namba moja ikafaa pande zote mbili za dunia.

Ndiyo maana nampa MwangaKati heshima yake, kwa sababu kwenye vifaa vya rangi vya Marekani mahesabu hayo yalishuka hadi 44056. Lakini simu haichukui sampuli kwa kufuata picha. Sauti ina saa yake na picha ina yake. Kasi ya picha inaweza kuyumba kwenye giza na sauti isiguswe. Bila programu ya kuhariri katikati, hoja ya 1.001 haisimami.

#10 MalagarasiMtoni
Wakuu, mmeisahau simu yenyewe. Simu haiandiki sauti moja kwa moja kwenye memori. Sampuli zinakusanywa kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda, bafa ikijaa inakabidhiwa kwa programu, programu inazibana kwa mbinu ya AAC kwa mafungu yaitwayo fremu, fremu moja ikiwa sampuli 1024, yaani milisekunde 21 hivi kwa kiwango cha 48000. Simu ikizidiwa, memori ikiwa nzito au ujumbe ukiingia, bafa inayofuata inafika kabla ya ile ya kwanza kuchukuliwa, na sauti hiyo inapotea. Nilirekodi mazoezi ya kwaya Kibondo kwa simu iliyokaribia kujaa, na wimbo mmoja ukatoka mfupi kuliko ulivyoimbwa. Ukisikiliza kwa hedifoni, silabi fulani zinakatika katikati.

Kuna jambo la pili linalomhusu dada. Faili la video linaandika saa ya kila fremu ya sauti, kwa hiyo pengo linajulikana ndani ya video. WAV haina mahali pa kuandika saa ya kila sampuli, inapanga namba tu moja baada ya nyingine. Ukitoa sauti bila kuiambia FFmpeg chochote, fremu zinaunganishwa na mapengo yanafungwa, na kila kinachofuata kinawahi. Toa tena kwa kuweka kichujio cha aresample=async=1, ambacho hujaza ukimya palipokuwa na pengo. Hii inaeleza kwa nini namba zake zinaruka bila mpangilio.

#11 MtaboraWaReli
Hoja ya #10 naiona nzito kuliko zote mpaka sasa. Dada BintiUjiji, hiyo treni uliyoisikia imepita kwetu Tabora kwanza kabla ya kufika kwenu, kwa hiyo honi hiyo sisi ndio tunaoijua. Itumie kama alama. Inasikika kwenye vifaa vyote viwili na hakuna aliyeipiga kwa makusudi. Sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo hata kama simu iko mita 3 kutoka kwenye kinasa, kosa ni milisekunde 9 tu.

#12 MwangaKati
Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo mlitutangulia miaka 2, lakini mwisho wa reli ni ziwani. Turudi kwenye namba.

#13 DadaBuhigwe
Nimesoma uzi wote na kuna swali ambalo hakuna aliyeuliza. Makofi ya simu umeyapata kwa programu. Je, makofi ya kinasa umeyapata kwa programu hiyohiyo, au kwa njia nyingine?

Nauliza kwa sababu librosa, usipoiambia vinginevyo, inashusha kila faili hadi sampuli 22050 na kuchanganya chaneli ziwe moja. Kisha vipimo vingi vyake vinasonga hatua ya sampuli 512, na kila hatua huitwa fremu. Hatua hiyo ni sekunde 0.02321995, lakini nimeona programu nyingi za watu zilizoandikwa 0.0232 kwa mkono, wakazidisha kwa namba ya fremu. Kosa hilo ni dogo mno kwenye fremu moja, ila fremu za saa nzima ni zaidi ya laki moja na nusu, na jumla inafika sekunde 3.1. Tena linafanya matukio yaonekane yametangulia, kama inavyotokea hapa.

#14 BintiUjiji
Majibu ya pamoja. Video niliichukua kwenye simu kwa waya, na aliyenisaidia alikata mwanzo wake kwa programu ya kuhariri kabla ya kunipa, ila video ya asili bado ipo kwenye simu. Makofi ya kinasa niliyasoma kwa macho kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kwa sababu faili ni kubwa na kompyuta yangu inakwama nikilifungua lote kwa Python. Na mstari wa 0.0232 upo kwenye programu tuliyoanzia.

Nimeubadilisha uwe namba ya fremu mara 512 gawanya kwa 22050. Matokeo: dakika ya 10 tofauti imekuwa karibu sifuri, dakika ya 30 ni sekunde 0.55, na dakika ya 60 ni sekunde 0.3.

#15 DadaBuhigwe
Nashukuru kwa kujaribu mara moja. Kuhusu kompyuta kukwama, usipakie faili lote. Saa moja ya faili lako ni zaidi ya GB 1 kwenye diski, na ikigeuzwa kuwa namba za desimali za biti 64 inafika karibu GB 2.8. Maktaba ya SoundFile ina blocks, inayokupa sauti kwa mafungu. Unatafuta kofi kwenye fungu, unaandika namba ya sampuli, unalitupa fungu na kuchukua jingine. Weka kumbukumbu zako zote kwa namba za sampuli, ambazo ni namba kamili zisizokosea, na sekunde zije pale tu unapotaka kumwonyesha mtu.

#16 MtaboraWaReli
Sasa ndipo mambo yamekuwa magumu zaidi, wala hayajaisha. Hoja ya #13 imechukua sehemu kubwa, lakini kilichobaki kinapanda hadi 0.55 kisha kinashuka hadi 0.3. Bafa zilizopotea kwenye simu haziwezi kurudi, kwa hiyo hoja ya #10 peke yake haielezi kushuka huko. Hoja ya 1.001 inataka mstari ulionyooka. Kuna kitu kwenye nusu ya pili kinachofupisha faili la kinasa sauti.

#17 FundiGungu
Vinasa vingi hukata faili na kufungua jingine linapofika ukubwa fulani, na kwenye baadhi ya vifaa sehemu ndogo ya sekunde inapotea wakati wa kubadilisha. Dada, faili lako la kinasa lilikuwa moja, au liliunganishwa?

#18 KasuluMjini
Hapo nina shaka, kaka. Kipimo cha urefu ndani ya WAV ni namba ya biti 32, kwa hiyo mwisho wake ni GB 4, na vifaa vingine hukata kwenye GB 2. DadaBuhigwe amesema saa moja ni GB 1 na kidogo. Kinasa kisingekuwa na sababu ya kukata.

#19 MzeeWaKatubuka
Isipokuwa kama mtumiaji ameweka kikate kila baada ya nusu saa, vifaa vingi vina mpangilio huo. Lakini tusibishane kwa kukisia wakati ushahidi uko ndani ya faili. Binti, usiuondoe ule mngurumo wa mashine ya kusaga. Mashine inapopata mzigo mzunguko wake unapungua, mahindi yakiisha unapanda, lakini vifaa vyote viwili vilisikia mashine hiyohiyo. Gawa kila faili kwa madirisha ya sekunde 10, fanya FFT, yaani hesabu inayoonyesha sauti ina mitetemo mingapi kwa sekunde, kwa kila dirisha, chora mstari wa mngurumo huo kwa muda. Dirisha la sekunde 10 linatenganisha masafa yanayopishana kwa 0.1 Hz, kwa hiyo chagua sauti ya juu ya mngurumo, yenye Hz 300 au zaidi, ambako hata tofauti ya moja kwa elfu itaonekana. Kama chanzo ni kasi ya sampuli, mistari miwili itapishana kwa uwiano uleule muda wote. Kama ni sauti iliyopotea, mistari italingana, kisha itaruka mahali pamoja, na utaijua dakika yenyewe.

#20 BintiUjiji
Nimechukua video ya asili, isiyopita kwenye programu ya kuhariri, nikaitoa upya kwa async=1 kama alivyosema MalagarasiMtoni. Faili limerefuka kwa sekunde 0.4, na mapengo yote yaliyojazwa yako kabla ya dakika ya 30. Sasa kofi la dakika ya 30 kwenye simu linatangulia kwa sekunde 0.15, na la dakika ya 60 limechelewa kwa sekunde 0.1. Faili la kinasa ni moja, halikuunganishwa. Mngurumo bado sijauchora.

#21 MalagarasiMtoni
Basi bafa zilipotea kweli, sekunde 0.4 nzima. Nashukuru kwa taarifa.

#22 FundiGungu
Na mimi niwakumbushe kwamba sekunde 0.1 kwa saa ni sehemu 28 kwa milioni, kiasi ambacho MtaboraWaReli mwenyewe alikikubali kwenye #3 kuwa ni cha kristali.

#23 MtaboraWaReli
Ukubwa wake naukubali, ndugu yangu, lakini kristali iliyokuwa inatangulia dakika ya 30 haigeuki ikachelewa dakika ya 60 bila sababu. Kati ya hapo kuna sekunde 0.25 zisizo na mwenyewe, na bado hatujui kama kofi la dakika ya 30 lilisomwa vizuri kwa macho. Dada, honi ya treni iko dakika ya ngapi? Kama iko kati ya 30 na 60, tuma kipande hicho kutoka faili zote mbili, WAV isiyobanwa, pamoja na namba ya sampuli ambapo kila kipande kinaanzia.

#24 BintiUjiji
Iko dakika ya 43. Navikata sasa hivi na kuvituma.